Mwenye Chombo, Nahodha na Baharia

Asalaam aleikum, jamani. Mlionisikia mwaka jana mtanisamehe, naanza na chombo changu kilekile, maana swali la leo ni hili: nani aketi kwenye bodi inayosimamia kampuni?

Wavuvi wetu wakirudi na samaki, pato hugawanywa mafungu: la chombo, la nahodha, la mabaharia. Na chombo kikivuja, wa kwanza kujua ni baharia anayekumba maji, si mwenyewe aliyeketi barazani. Haya, mtoto wa baharia huyo akiajiriwa na kampuni, mbona bodi haimuulizi kitu?

Kule Ujerumani mfanyakazi anapiga kura bodini! Kampuni kubwa za hisa kule zina bodi mbili. Moja huendesha kazi. Nyingine huisimamia, ndiyo huteua wakuu na kuwatoa. Mtu mmoja haketi zote mbili. Kwa sheria ya 1976, wafanyakazi wakizidi 2,000, nusu ya viti vya bodi ya usimamizi ni vyao. Kura zikifungana, mwenyekiti hupiga ya pili, na kwa kawaida yeye ni wa upande wa wanahisa. Kwa hiyo msiniambie wenye mali wamenyang'anywa.

Naona kidole kule nyuma. “Mwalimu, na Volkswagen?” Kila mwaka lazima mtu anitupie Volkswagen! Ndiyo, hao watengeneza magari wa Ujerumani 2015 walifumaniwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na wafanyakazi walikuwamo bodini. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, nayo ilikuwa na bodi iliyojaa wakurugenzi wa nje, wasio waajiriwa wake, wasomi watupu, ikaanguka 2001 kwa hesabu za uongo. Mbona kwa hiyo hamsemi wasomi watolewe?

Hapa Kenya mwongozo wa 2015 wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji unataka angalau theluthi ya bodi wawe wakurugenzi huru, yaani wasiofungamana na wakubwa wa kampuni. Vyema. Nina vijihisa vyangu mahali, nikaenda mkutano mkuu, nikauliza: huyu bwana yu huru na nani, ikiwa ni shemejiye mwenyekiti? Nikaambiwa swali zuri, nitajibiwa kwa maandishi. Nangoja hadi leo. Wenzangu walishapanga foleni ya sambusa na kofia za bure.

Nilitaka pia kuwapitisha Japani, ambako kampuni hushikiana hisa, hii ina za ile na ile ina za hii, na Norwe, iliyolazimisha asilimia 40 ya wanawake bodini, lakini Bi Mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, wewe wa Volkswagen, uliza.