Mfongo Mkavu: Kumwita Mama Unaporithi Klasi

Mlionisikia mwaka jana mnajua nitakapoanzia, na leo naanzia palepale: ukiandika konstrakta (sehemu inayokiandaa kitu kipya) ya klasi mtoto, yaani klasi inayorithi nyingine, mwite mama kwanza: iite konstrakta ya klasi inayorithiwa.

Hapa Moshi sina haja ya kueleza kihamba, shamba la ukoo. Ukikirithi, mfongo, mfereji wa maji, unaukuta umeshachimbwa. Lakini maji hayaji kwa sababu umerithi. Lazima mtu apande kule juu kwenye banio, afungue. Lugha ya programu ya Python ndivyo ilivyo. Mbinu za mama, yaani kazi anazojua kufanya, unazipata bila jasho, lakini data zake huwekwa na __init__ yake, ndiyo konstrakta ya Python. Ukiandika __init__ yako usimwite, umebaki na mfongo mkavu.

Niliandikia chama cha msingi kimoja cha kahawa programu ya malipo. Klasi mama, Akaunti, iliweka self.salio = 0. Mtoto, AkauntiYaMkulima, nikampa __init__ yake ya kupokea namba na kijiji. Sikuandika super().__init__(), mstari unaomwita mama. Programu ikawaka vizuri, majina yote yakaonekana. Siku ya malipo akafika dirishani mzee wa kwanza, kitabu chake amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Karani akabofya “Lipa”. Kioo kikatoa AttributeError: hakuna salio. Mzee akaniangalia: “Mwanangu, kahawa yangu imeenda wapi?” Watu wamekaa kwenye nyasi hadi saa tisa alasiri, mimi natafuta mstari mmoja! Ndiyo maana siachi kulisema jambo hili.

Najua kuna anayewaza: si niweke tu self.salio = 0 kwa mtoto? Hapana, jamani, hapana! Kesho mama ataongezewa orodha ya miamala, mtoto wako hataipata, na kosa litalia mbali kabisa na ulipolitenda. Kazi ya mama mwachie mama.

Sasa lugha nyingine mbili, Java na C++, haraka haraka. Java kwanza. Usipoandika super(), kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, inakuwekea yenyewe. Mama akiwa anadai hoja, yaani thamani za kumpa, inakataa palepale, nawe ushukuru. Ile sheria ya kuiweka super() mstari wa kwanza wa konstrakta imelegezwa kwenye toleo la 25, mwaka 2025. C++: hoja za mama zipitishe baada ya nukta mbili, si ndani ya mabano ya mwili. Na konstrakta ya mama isiite mbinu ya virtual, ile ambayo mtoto anaweza kuiandika upya, ikitegemea toleo la mtoto; wakati huo mtoto hajazaliwa.

Urithi wa mama wawili tutaufanya mchana. Fungueni kompyuta, andikeni Akaunti.