Kuhamia karibu na London: kwa nini bado tupo Hull

Haya ndugu zangu, habari za huko. Leo sina salamu ndefu, maana kila nikiweka video swali ni lilelile: "Dada, wewe ni nesi, unafanya nini huko Hull, kaskazini mwa Uingereza? Si uhamie London kwenye hela?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo najibu hapa mara moja. Najua watakuja watakaosema najisifu kwa kuwa nataja mshahara, na wengine watasema nalalamika wakati wao hata hiyo nafasi hawajaipata. Sijisifu wala silalamiki. Mimi na baba Neema tunaipiga hesabu hii kila usiku ambao siko zamu, mtoto akishalala, nami nawaonyesha jinsi tunavyoipiga.

Kwanza, London yenyewe ya katikati hatuigusi. Tunazungumzia pembezoni, Dartford, Watford, miji ya namna hiyo, ambako hospitali za serikali zinalipa nyongeza ya gharama za maisha. Nyongeza ipo, ni kweli. Lakini inafuata ramani: London ya ndani asilimia 20, London ya nje asilimia 15, na hiyo miji ya pembeni asilimia 5. Mtu anasikia habari ya 20 anafunga mabegi, kumbe hospitali anayokwenda iko kwenye 5.

Chukueni nesi wa daraja la 5, anayeanza. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 mshahara wake ulikuwa pauni 31,049. Asilimia 5 yake ni kama 1,550 kwa mwaka, yaani pauni 129 kwa mwezi. Toa kodi ya mapato, toa bima ya taifa, toa pensheni, mkononi zinafika kama 85. Sasa hapa Hull tunakaa vyumba viwili kwa pauni 650. Zile nilizoziangalia Dartford, vyumba viwili hivyohivyo, nyingi zinaanzia 1,500. Mshahara umeongezeka 85, kodi ya nyumba imeongezeka 850. Ndiyo maana mkiniandikia "hela iko London" nanyamaza tu.

Kuna walionishauri nipange Dartford, nifanye kazi hospitali iliyo ndani ya mpaka wa London, nipate ile 15. Ni wazo zuri, na nililifuatilia. Tatizo ni gari. Letu ni la dizeli, la mwaka 2012, na tangu Agosti 29, 2023 mitaa yote ya London iko ndani ya eneo ambalo gari la namna hiyo, kwa ajili ya moshi wake, linatozwa pauni 12.50 kwa siku. Siku yao inahesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Maana yake nesi wa zamu ya usiku anaingia jioni analipa, anatoka asubuhi analipa tena, pauni 25 kwa zamu moja. Zamu yetu moja ina urefu wa saa 12 na nusu, na mwezi una zamu kama 13. Pigeni wenyewe. Basi lipo, lakini mtu aliyesimama usiku kucha wodini anataka kufika nyumbani, hataki kusubiri basi kwenye mvua.

Halafu makaratasi, na hapa mniwie radhi, nitasema kidogo kilichonikera. Kampuni nyingi zinazokagua wapangaji zinataka kipato cha mwaka kifike mara 30 ya kodi ya mwezi. Kwa nyumba ya 1,500 hiyo ni pauni 45,000. Peke yangu sifiki, kwa hiyo wanataka hati za mishahara za baba Neema pia, naye yuko ghalani kwa mkataba wa saa zisizotabirika. Ukikwama hapo unaambiwa ulete mdhamini wa kodi ya nyumba anayeishi Uingereza mwenye kipato kikubwa. Namtoa wapi? Zamani asiye na mdhamini alikuwa anadaiwa hata miezi sita ya mbele, kama Dar tu. Sheria iliyopitishwa 2025 inakataza hilo kuanzia Mei 2026, mwisho mwezi mmoja, nami nashukuru, ila naona sasa watazidi kututaka tulete mdhamini.

Wakala mmoja aling'ang'ania nimwonyeshe kadi ya ukaazi. Kadi! Zile kadi ziliisha muda wake mwisho wa 2024. Siku hizi unaingia kwenye tovuti ya serikali, unatoa namba maalumu inayodumu siku 90, mwenye nyumba anaiingiza na tarehe yako ya kuzaliwa, anaona picha yako na haki yako ya kupanga. Nilimtumia namba, nikamwandikia na maelekezo. Jibu lililorudi: "Tunahitaji kuona kadi yenyewe." Siku mbili baadaye nyumba imepata mtu mwingine. Iliniuma, sitawaficha. Mimi nahudumia wazazi wa watu usiku kucha, halafu naonekana kama nimeghushi.

Na hapo hata ya viza sijayagusa. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Kuhama hospitali ni kutafuta mwajiri mwingine mwenye kibali cha kudhamini, kupata cheti kipya cha udhamini, kuomba viza upya na kusubiri majibu ndipo uanze kazi. Ukiacha ya zamani mapema, kwa kawaida unapewa siku 60 za kujipanga au kuondoka nchini. Mimi siwezi kucheza na siku 60 nikiwa na mtoto. Ongezeni na mpango ambao serikali iliutangaza Mei 2025, wa kuongeza muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Ukishasikia hivyo unaogopa hata kubadilisha anwani.

Neema ana miaka mitatu. Mtoto wa umri huo anapata saa 15 za chekechea bure kwa wiki, katika wiki 38 za mwaka. Zile 30 wanazopata wazazi wengine wanaofanya kazi sisi hatuzipati, kwa sababu viza zetu zimeandikwa hakuna kugusa fedha za umma. Kodi tunakatwa sawa nao. Hapa tunapokezana, baba yake anabaki naye usiku nikiwa zamu, mimi nabaki naye mchana, tunapishana mlangoni. Tukihamia kusini, bei ya chekechea inapanda pamoja na kodi ya nyumba, na hatuna hata jirani wa kusema mshikie nusu saa.

Mtaniuliza, sasa kwa nini unafikiria kuhama kabisa? Kwa sababu baba Neema ni fundi umeme mwenye cheti chake kutoka nyumbani, na kule kazi za ujenzi ni nyingi kuliko huku, akishamaliza kusajiliwa. Na kwa sababu Neema akiongea na bibi yake kwenye simu anamjibu Kiingereza, bibi anabaki anacheka tu, haelewi. Kule kuna Watanzania wenzetu, kuna watoto wa kucheza nao kwa Kiswahili. Hilo siwezi kulitoa kwenye hesabu, na kwangu ni zito kuliko ile 85.

Na wale ndugu wanaochukua mshahara wangu na kuuzidisha kwa shilingi, nawapenda, lakini zidisheni na kodi ya nyumba basi. Binamu yangu mmoja alisikia tu tunafikiria kuhama, akaanza kuniulizia ada ya mwanawe.

Haya ni yangu mimi, mwenye mtoto na viza ya kudhaminiwa. Kama uko peke yako na unakubali kupanga chumba kimoja kwenye nyumba ya kuchangia, hesabu yako ni nyingine, na huenda ukafaidika kwelikweli. Usiache kazi kwa sababu ya video yangu, wala usibaki kwa sababu yake.

Sisi tumeamua hivi: bila cheti cha udhamini mkononi kutoka hospitali iliyo ndani ya ile 15, na inayofikika kwa miguu au kwa basi moja, hatutoki Hull. Maombi mawili nimeshatuma. Walioko Dartford, Bexley, Croydon, naomba mniandikie kwenye maoni mnalipa kodi ya nyumba kiasi gani, na nani aliwadhamini kwenye kupanga.