Napima vichaka Perth, sizimi moto

Haya wadau, habari za huko nyumbani? Leo niko nje kidogo ya mji wa Perth, jua kali mpaka simu imepata moto mkononi. Hiyo miti nyuma yangu mnaijua? Mikaratusi! Ile ile mnayoiona Mufindi. Asili yake ni huku Australia. Majani yake yana mafuta, ikishika moto hapakaliki.

Kwenye komenti mnaniuliza, "Kaka, umekuwa zimamoto?" Hapana. Zimamoto huitwa moto ukishawaka. Mimi naitwa kabla nyumba haijajengwa. Natazama mimea iliyo ndani ya mita 100: ni msitu, vichaka au nyasi? Iko mbali kiasi gani? Ardhi imeinama vipi? Hapo napata kiwango cha hatari ya moto wa vichakani kwa nyumba hiyo, wenyewe wanakiita BAL (Bushfire Attack Level): kuna cha chini kabisa, kisha 12.5, 19, 29, 40, na cha mwisho FZ, yaani ndimi za moto zinaweza kuilamba nyumba yenyewe. Namba hizo ni kilowati za joto kwa kila mita ya mraba. Ndizo zinazomwamulia fundi kioo gani, mlango gani. Hata wavu wa dirisha, matundu yasizidi milimita 2, kwa sababu nyumba nyingi huunguzwa na cheche zinazopeperushwa na upepo.

Sasa mteremko. Jamani, hapo niliumbuka! Tuko kwenye mazoezi, kiwanja tambarare kama uwanja wa mpira, nikapima pale nyumba itakapokaa, nikaandika sifuri. Mwalimu akaniuliza, "Kwani moto utatokea sebuleni?" Kumbe unapima ardhi ilipoota mimea, siyo ilipo nyumba. Na nyuma ya kiwanja kulikuwa na bonde limejaa miti! Moto hupenda kupanda: mwinuko wa nyuzi 10 tu, kasi yake karibu inaongezeka maradufu.

Kusajiliwa kwa kazi hii ni kupitia Fire Protection Association Australia, chama cha kinga ya moto cha huku; mpango wao wa usajili unaitwa BPAD, una ngazi tatu. Ya kwanza ni kozi fupi na mtihani. Za juu zinataka masomo ya chuo kikuu. Halafu kuna bima ya kazi. Hiyo bima, ndugu zangu, tutaiongelea siku nikiwa nimeshiba.

Mwenye kiwanja huyo anaingia na gari. Ngoja nishuke bondeni kwanza, safari hii sifuri siandiki ovyo.