Ananyamazia Nani?

Haya, mliosimama nyuma, viti vipo huku mbele. Watu wa Tanga kwa kukimbia viti vya mbele hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ukimya katika fasihi, muziki na filamu. Walionisikia zamani wanajua nitakapoangukia, maana wimbo wangu ni mmoja: mhusika akinyamaza, niambie ananyamazia nani. Kama huna jibu, hujaandika kimya. Umesahau kumwandikia maneno.

Naanza na taarab, ili mtu asije akaniambia hapa Tanga, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwamba haya ni mambo ya vitabuni. Nenda harusini, achana na mwimbaji, mtazame mama anayekwenda kutunza. Beti mbili zimepita, katulia kama hayupo. Ubeti wake unapofika anainuka. Noti kaikunja kwa urefu, kaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa. Jukwaa liko mbele yake, lakini njia fupi haitaki. Anazungukia upande wa pili, anapunguza mwendo mbele ya mtu mmoja, wala hamtazami, anayumba kidogo na mdundo, ndipo anapanda kumtunza mwimbaji. Kurudi, njia ni ile ile. Mdomo haukufunguka hata kidogo! Kesho umuulize: "Mimi? Jamani, si nimetunza wimbo tu, nimeupenda." Huna kesi ya kupeleka hata kwa mjumbe. Mshairi katunga, mwimbaji kaimba, lakini aliyesema ni yule aliyenyamaza. Na aliyesemwa kasikia vizuri sana, ndiyo maana ghafla ana shughuli ya kurekebisha ushungi.

Hapo huwa ananyanyuka kijana: "Mwalimu, pale spika zinapasua masikio, kimya kiko wapi?" Kijana, mimi sizungumzii sauti kukosekana, hiyo ni kazi ya fundi mitambo. Nazungumzia mdomo ulioamua kufungwa mbele ya mtu fulani, kwa sababu fulani. Tena hebu zima hizo spika, halafu yule mama akatize ukumbini hivyo hivyo, noti juu. Patachimbika! Kelele ndiyo inayomsitiri. Kimya chake kimejengwa juu ya kelele, na bila kelele hakisimami.

Mnacheka, lakini hili ndilo wanalolikosa watengeneza filamu wetu.

Ousmane Sembène, Msenegali aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, aliandika vitabu, akaona watu wake wengi hawawezi kuvisoma, akaenda Moscow kujifunza filamu. Mwaka 1966 akatoa "La Noire de...", kuhusu Diouana, msichana wa Dakar aliyefuata mabosi wake Wafaransa mpaka Antibes akidhani anakwenda kulea watoto. Kumbe ni kupika, kufagia, kufua. Mbele ya mama mwenye nyumba hana neno zaidi ya "ndiyo, bibi". Lakini sisi tunaisikia sauti ya ndani yake muda wote, inauliza, inalalamika, inakasirika. Kwa hiyo yule mama yuko chumba kimoja naye na hasikii kitu. Sisi tuko mbali, tumesikia yote. Kimya kimoja, watu wawili wanakipokea tofauti kabisa.

Halafu kuna barua. Inatoka kwa mama yake, Dakar. Diouana hajui kusoma. Bosi anaisoma kwa sauti, kisha kwa wema wake anachukua kalamu na kuanza kujibu yeye, kwa niaba ya Diouana, kana kwamba kaambiwa la kuandika. Diouana anaichana barua. Hatoi hotuba wala hapigi kelele. Karatasi inachanika, na bosi anabaki hana wa kumsemea. Kila nikiionyesha darasani, wasichana ndio wa kwanza kuelewa, sijui kwa nini. Au najua, tuliache.

Sasa mpe barua ile mhariri wetu wa Bongo Muvi. Ataweka kinanda. Kinanda kitaanza kulia kabla binti hajalia, kitaendelea mpaka majina yapite, na juu yake sauti: "Ee Mungu, kwa nini mimi?" Ukiupeleka mkanda kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, mtafsiri naye ataongeza yake. Ukiwauliza wanakwambia mtazamaji wetu hana subira, akiona kimya anadhani spika imekufa. Uongo! Mtazamaji huyo huyo Jumamosi alikuwa harusini, na hakupitwa na kope ya yule mama mwenye noti. Subira anayo. Ninyi ndio hamjampa mtu wa kumtazama.

Muda... naonyeshwa saa. Basi fasihi mbio mbio. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga. Katika riwaya yake "Kusadikika" Majivuno anamwaga mashtaka, Karama, mshitakiwa, anasikiliza kwanza, zamu yake ikifika anaongea siku sita. Hilo mlifundishwa shule. Mimi nataka mtazame kimya cha mwandishi mwenyewe: mwaka 1951, Mwingereza anatawala, na yeye anaichukua nchi nzima ya hadithi yake kwenda kuining'iniza angani, Mwingereza hamtaji. Alikuwa anamnyamazia nani? Kafanyeni kazi hiyo nyumbani.

Ushairi nauacha. Na yule mtunzi wa muziki wa Kimarekani, John Cage, mnayetaka nimtaje kila mwaka: Agosti 1952, Woodstock huko Marekani, mpiga piano wa kipande chake alikaa dakika 4 na sekunde 33 bila kubonyeza kitu, watu wakabaki na upepo, mvua na minong'ono yao. Ni utapeli? Si utapeli. Aliwanyamazia waliokaa ukumbini, jibu lipo, tusonge mbele.

Maswali. Wewe wa shati la kijani, na usianze na "kwanza kabisa napenda kushukuru". Uliza.