Mshale wa Kronografu Usiorudi Sifuri

Ndugu zangu, karibuni. Naomba bisibisi zibaki kwenye mikoba kwanza. Shika saa yako, anzisha kronografu, yaani kipima muda kilichomo ndani ya saa, iache iende kidogo, isimamishe, kisha irudishe sifuri. Mshale mrefu wa sekunde umetua wapi? Usijibu bado. Rudia mara tano au sita, ukiutazama kwa jicho moja kutoka juu kabisa, maana ukichungulia kwa upande hata mshale uliokaa sawa utauona umekosea.

Nasisitiza hili kwa sababu mishale mingi inaharibiwa na watu waliokimbilia kuing'oa kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Kwenye mhimili wa mshale huo kuna kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha, nyundo ndogo inaupiga moyo huo, nao unazunguka, popote ulipokuwa, mpaka nyundo itulie kwenye sehemu yake iliyo bapa. Adolphe Nicole alipata hataza ya moyo huo mwaka 1844, na mpaka leo ndio unaotumika. Moyo una mahali pamoja tu pa kutulia. Lakini mshale haukufungwa kwa skrubu. Umekazwa tu kwa kimrija chake juu ya ncha ya mhimili, na hapo ndipo unapoweza kuteleza.

Basi, kama mshale unatua kila mara mahali pale pale, tuseme sekunde mbili baada ya 12, moyo na nyundo ni wazima. Mshale ulikazwa vibaya, au saa iligongwa. Hiyo unaweza kuitengeneza. Kama unatua huku mara hii na kule mara nyingine, usiuguse mshale: nyundo haifiki vizuri kwenye moyo, pengine kwa uchafu au kwa kitufe kisichoingia mpaka mwisho. Na kama unarudi sawa lakini unaruka kidogo unapoanza, huo si ugonjwa. Ni meno ya gia yanatafutana. Saa ya Seiko 6139 ya mwaka 1969 ilitumia klachi ya wima, inayounganisha kwa msuguano badala ya meno, na mruko huo haumo.

Saa nyingi za betri hurekebishwa kwa kuvuta kifundo cha majira na kubonyeza vitufe. Saa ya mitambo haina njia hiyo. Lazima mshale utoke.

Itoe mashine kwenye kasha. Funika uso wa saa kwa karatasi laini ya plastiki, ingiza vibanuzi viwili chini ya kitovu cha mshale, kimoja kila upande, na uvibonyeze kwa pamoja. Ukibanua upande mmoja tu, ncha ya mhimili itapinda, na ncha hiyo ni nyembamba mno, haivumilii.

Kabla ya kuurudisha, hakikisha kronografu iko sifuri. Katika mashine nyingi nyundo inabaki imeubana moyo mpaka ubonyeze tena kuanza, na hicho ndicho unachokitaka: mhimili usizunguke. Weka kishikizo chini ya mashine, usawa wa kijiwe cha rubi kinachobeba mhimili. Watu wengi huiruka hatua hii, wakasukuma mshale kwa juu na kijiwe kikahama au kikapasuka. Uweke mshale ukielekea 12, ukandamize kidogo tu, utazame, usogeze ukihitaji, ndipo ukaze.

Sasa rudisha sifuri mara kumi, kitufe kikibonyezwa kwa nguvu. Zungusha pia mishale ya majira, uone kwamba haugusani nayo. Mshale mdogo wa dakika za kronografu hufuata utaratibu huo huo. Ukiona ule mrefu umeanza kuhama tena, kidogo kidogo kila unaporudi, kimrija kimelegea. Kuukaza upya hakusaidii. Mpelekee fundi saa akibane kimrija, au atafute mshale mwingine wenye tundu la kipimo kile kile.