Tutafute volteji za nodi kwa rezista nne

Habari zenu, mafundi wangu. Niko mezani kwangu hapa Ngarenaro, Arusha, na leo tunatafuta volteji za nodi, yaani za sehemu rezista zinapokutana. Hesabu hii naipenda mno, maana ukimaliza tu, mita inakuambia papo hapo kama umepata.

Betri ya pikipiki, volti 12. Rezista nne, zote kilo-omu moja: mistari yake ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Ya kwanza inatoka chanya hadi nodi A. Ya pili, A hadi graundi. Ya tatu, A hadi B. Ya nne, B hadi graundi. Graundi ni hasi ya betri, tunaiita sifuri. Kuchomeka mnajua, naruka.

Shika penseli, mimi peni siitaki kwenye hesabu hizi. Mwanafizikia Mjerumani Kirchhoff alituachia sheria hii mwaka 1845: mkondo unaoingia kwenye nodi ni sawa na unaotoka. Simama A, andika mikondo inayotoka yote; kila mmoja ni tofauti ya volti gawanya kwa rezista, na herufi A na B ni volti za nodi hizo. A toa 12, jumlisha A, jumlisha A toa B, sawasawa na sifuri. Rezista zote zinalingana, kugawanya hakuna. Unapata 3A toa B ni 12.

Sasa hamia B, na hapa tulia kabisa. Umesimama B, basi B inaanza: B toa A, jumlisha B, ni sifuri. Usinakili ile "A toa B" ya juu! Mimi niliinakili kwenye mtihani, B zikafutana, A ikawa sifuri, na B ikatoka hasi 12. Betri ni moja, hasi yake ndiyo graundi. Nodi itashukaje chini ya sifuri? Narudia: nodi uliyosimama ndiyo inaanza. Ukihama, geuza.

Basi A ni 2B. Weka kwenye ile 3A toa B: 5B ni 12. B ni volti 2.4, A ni 4.8. Wengi hukisia A ni 6, kwa kuwa rezista mbili za mwanzo zinalingana. Wanasahau njia ya B nayo inavuta mkondo.

Tupime. Waya mweusi wa mita kwenye graundi, usiutoe hapo. Mwekundu kwenye A... mdogo wangu, sogeza simu, mita haionekani. Hapo. 5.03? Ngoja. Tupime betri yenyewe: 12.6, imechajiwa usiku kucha. Hesabu iko sawa, ila tuliianza na 12. A ni sehemu 0.4 ya betri; mara 12.6 ni 5.04. Umeona! Na B: 2.51.

Sasa ng'oa rezista ya tatu, waya mwekundu ubaki A. Tazama mita inavyopanda: 6.29, nusu ya betri. Rudisha: 5.03.

Rezista hizi ninazo hapa dukani, anayezihitaji aniandikie.