Kuandaa mkutano wa klabu ya kompyuta: andika saa nane MCHANA, tafadhali

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi, karibuni tena. Nipo hapa hapa Tanga, Ngamiani, ndani ya steshenari yangu, mkisikia kelele hizo ni bajaji zinapita, msijali. Leo tunaandaa mkutano wa klabu mwanzo mpaka mwisho, na ninarekodi nikiwa naandaa kweli, mkutano wetu ni Jumamosi ijayo, kwahiyo mtakachokiona ndicho ninachokifanya.

Kwa wageni, klabu yetu ni ya watumiaji wa kompyuta, ni ya kujitolea, hakuna anayelipwa. Tunakutana mara moja kwa mwezi, mtu analeta laptopu yake yenye shida tunakaa nayo mezani, mwingine anataka kujifunza Calc, programu ya majedwali ya hesabu, afanyie hesabu za duka, na siku hizi wengi wanakuja kuinstoli Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, maana Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta nyingi tulizonazo mtaani ni za zamani, hazikidhi masharti ya Windows 11. Zinafanya kazi vizuri tu. Mimi roho inaniuma nikiona mashine nzima inatupwa.

Haya, siku. Jumamosi. Ijumaa mchana watu wako msikitini, Jumapili wengine kanisani, siku za kazi hupati mtu. Septemba sisi tunachukua Jumamosi ya tatu kwasababu ndiyo Siku ya Programu Huria duniani, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kutumia na kugawa, inasherehekewa tangu 2004, basi tunaunganisha. Siku imeisha.

Ukumbi. Darasa la shule linatosha, andikeni barua kwa mkuu wa shule mapema, semeni mko wangapi, mnaingia saa ngapi mnatoka saa ngapi na nani atafagia. Hilo la kufagia liandikeni, linafungua milango. Kabla hamjakubali ukumbi ingia mwenyewe, hesabu soketi, chomeka chaja ya simu kwenye kila moja uone kama inachaji. Twende.

Sasa hapa. Hapa naomba msogee karibu na skrini.

Tangazo. Hili nililoshika ni tangazo letu la zamani, nimelitunza makusudi. Someni: "Mkutano wa klabu, Jumamosi, Saa 8:00." Nililiandika mimi, nikaliprint mimi, nikalibandika mimi. Mnaona kilichokosekana? Kichwani kwangu ilikuwa saa nane, mchana, watu wameshakula. Lakini kuna mwalimu mstaafu wa Muheza, mzee wa heshima zake, mjukuu wake akamsomea tangazo kwenye simu, na kijana wa leo akiona 8:00 anasoma kama saa ya simu inavyosoma, yaani saa mbili asubuhi. Mzee akapanda gari alfajiri. Saa mbili kasoro yuko mlangoni, darasa limefungwa, hana namba ya mtu. Alikaa pale chini ya mwembe na laptopu yake kwenye mfuko wa nailoni mpaka tulipofika na funguo saa saba na nusu. Hakugomba hata kidogo, alisema tu "mwanangu, mimi niliambiwa saa mbili". Sitaki hilo limpate mzee wa mtu mwingine, ndiyo maana video hii ipo.

Kwahiyo tangazo linaandikwa hivi, naandika mbele yenu: "Jumamosi, saa 8 kamili MCHANA, baada ya Adhuhuri. Kwenye simu yako itasoma 14:00." Vitu vitatu. Neno mchana, sala, na saa ya simu. Kila mtu atashika kimojawapo. Usiandike 8:00 peke yake! Usiandike 2:00 peke yake pia, atakuja mtu saa mbili, na sasa hujui ya asubuhi au ya usiku. Na kwanini saa nane: Adhuhuri imeshapita, mtu ameshaweka kitu tumboni, tunafanya kazi mpaka Alasiri, tunapumzika, wanaoswali wanaswali, wengine chai, halafu tunarudi tumalizie kabla giza halijaingia.

Tunaingiza kwenye kalenda ya kompyuta sasa, natumia Thunderbird, ni ya bure. Nafungua, nabonyeza tukio jipya, naandika jina, mahali, tarehe, saa naweka 14:00 mpaka 17:30...

Subirini. Ngoja niisogeze kamera. Angalieni kona ile ya chini kulia. Laptopu inasema 11:07. Simu yangu hii hapa, 14:07. Sikupanga hili jamani, limetokea lenyewe, lakini ni bora limetokea mkiwa mnaona kwasababu wengi wenu mtakutana nalo.

Ni hivi. Laptopu hii ina Windows na Linux pamoja, na jana usiku niliifungulia Linux. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo kwenye ubao, inaendeshwa na betri kama kidonge, CR2032, inatembea hata ukizima mashine. Linux ikiirekebisha ile saa inaiandikia muda wa dunia, UTC. Windows ikiamka inaisoma ileile ikidhani ni muda wa hapa nyumbani. Na sisi Tanzania tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu. Ndiyo hayo matatu yaliyopotea, kutoka 14 mpaka 11. Mtu akiona hivyo anadhani betri imekufa anakwenda kununua nyingine, hapana, betri iliyokufa inakurudisha nyuma miaka, haikurudishi masaa matatu kamili.

Sasa fikirini kama nisingeona. Kalenda nimeiambia inikumbushe saa saba mchana nikafungue darasa. Kompyuta iko nyuma masaa matatu, kengele ingelia saa kumi jioni! Watu nje, funguo kwangu.

Nakata kamera, naiwasha Linux, narudi.

Nimerudi. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika: timedatectl set-local-rtc 1. Bonyeza Enter, ikiomba nywila weka. Inakupa onyo kwamba haipendi mpangilio huo, hilo onyo nalikubali mimi kwasababu laptopu hii ina mifumo miwili, kama yako ina Linux peke yake usiguse, iache kwenye UTC. Kisha rudi Windows, bonyeza ilinganishe saa na intaneti. Haya, 14:21. Simu, 14:21. Tuendelee.

Bado kidogo kwenye kalenda, msiondoke. Kuna sehemu ya ukanda wa saa. Chagua Africa/Dar_es_Salaam. Angalia kwa macho yako, kwasababu kompyuta iliyoinstoliwa juzi inaweza kuwa iko UTC, na ukiandika 14:00 ya UTC ukawatumia watu mwaliko, kwenye simu zao itaonekana 17:00, yaani saa kumi na moja jioni. Tangazo ukutani linasema nane, mwaliko unasema kumi na moja, nani atakuamini tena?

Na kama mna mgeni wa mbali atakayeongea kwa video hapo ndiyo muwe makini zaidi. Tuliwahi kuwa na mzungumzaji aliyeko Ujerumani. Wenzetu wanasogeza saa, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha, sisi hatusogezi. Kwahiyo majira yao ya joto saa nane yetu mchana kwao ni 13:00, majira ya baridi kwao ni 12:00. Usipige hesabu kichwani ukamtumia kwa meseji, mtumie mwaliko wa kalenda wenye ukanda wa Dar es Salaam, kalenda yake itageuza yenyewe.

Kumbusho kwenye grupu la WhatsApp: wiki moja kabla, Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi. Mimi napenda kutuma kwa sauti. Wazee wetu wengi hawasomi maandishi madogo, na kwenye sauti hakuna mtu anayesema "nane nukta sifuri sifuri", ulimi wenyewe unakwambia saa nane mchana.

Umeme. Hii ekstensheni ya pini tatu fyuzi yake ni ampea 13, kwa volti 230 inabeba kama wati 3000 hivi. Chaja ya laptopu wengi ni wati 65, kumi ni 650, projekta ongeza 300, bado uko salama. Lakini birika la umeme peke yake linaweza kula wati 2000, kwahiyo birika halikai kwenye ekstensheni ya kompyuta, na ekstensheni haichomekwi kwenye ekstensheni nyingine. Sisi chai inakuja imeshachemka kwenye chupa, na mandazi na kachori kwenye hotpoti, mama mmoja mwanachama ndiye anasimamia na hataki kuingiliwa. Mkutano Tanga bila chai siuwezi mimi, na nusu ya urafiki wa klabu umezaliwa kwenye hicho kipindi cha chai. Waya zibandike chini kwa gundi ya karatasi ile pana, watoto wanakimbia.

Projekta yetu ina tundu la VGA tu, laptopu mpya zina HDMI, kwahiyo adapta iwe kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na kalamu na funguo. Jaribu Ijumaa, usijaribu Jumamosi.

Flashi. Hii ndiyo biashara yangu naomba niiseme. Hapa dukani nina flashi za 16GB zikiwa tayari na Linux Mint ndani, ni aina mojawapo ya Linux, unachomeka unaijaribu kwanza bila kugusa chochote kwenye diski. Ukitaka kutengeneza mwenyewe pia nitakuonyesha bure siku ya mkutano, faili ni kama 3GB, lidownlodi mara moja nyumbani mgawane, msimalize bando watu kumi mnavuta kitu kimoja. Na bakap. Kabla ya kuinstoli, picha na nyaraka za mtu zihamishwe, na mwenye kompyuta azifungue mwenyewe kule zilikohamia aseme "nimeziona". Mpaka aseme. Asiposema hatugusi diski.

Siku yenyewe wawili wakae mlangoni na daftari: jina, kompyuta ya aina gani, shida gani. Mmoja awe anafika saa moja kabla, saa saba mchana, tena kila mwezi, hata kama hakuna anayetarajiwa. Huyo tulimweka baada ya yule mzee wa Muheza. Na namba ya simu ya mwenye funguo iwe kwenye tangazo. Mzee bado anakuja jamani, sasa yeye ndiye anafundisha wenzake kuandika barua kwa Writer, programu ya kuandikia, na alituambia alishawahi kutumia Jambo OpenOffice, programu za ofisi, ile ya Kiswahili iliyotoka 2004 kwa kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Darasa zima lilinyamaza kumsikiliza.

Kuna mteja amefika, naona kivuli. Karibu, dakika moja tu. Namalizia na kumbusho la wiki moja kabla, narekodi mbele yenu, nashikilia kitufe hiki:

"Assalam aleikum na habari zenu wanaklabu. Jumamosi ijayo tunakutana darasani palepale, saa nane kamili mchana, baada ya Adhuhuri, simu yako itasoma kumi na nne sifuri sifuri. Njoo na chaja yako. Mwalimu, gari la saa tano linakutosha kabisa, usiamke alfajiri."

Naachia. Imeenda, tiki mbili. Yeye ndiye wa kwanza kujibu: "Nane mchana, mwanangu."